Futi Mbili

Mizani ya zahanati huishia mia na hamsini.
Mshale ulikimbia mpaka mwisho, ukatetemeka,
muuguzi akatazama dirishani.
Ndiyo maana mara ya kwanza nilipimwa Mwaloni, Kirumba,
juu ya bamba la magunia ya dagaa,
alfajiri, kabla wachuuzi hawajajaa.
Mpima mizigo aliandika namba kwa chaki, akauliza,
kwa mazoea tu: "Huu wa Goma?"
Kisha akaona aibu kuniliko.
Nilicheka. Nyumbani sikucheka.

Mimi ni fundi cherehani, Makoroboi, meza ya tatu kutoka kona.
Miaka ishirini na miwili nazungushia watu futi viunoni
na kutaja hesabu kwa sauti, mwanangu aandike.
Futi ya fundi nayo ni sentimita mia na hamsini.
Siku niliyojizungushia mwenyewe, ncha hazikukutana.
Zilitazamana tu, juu ya kitovu,
kama ndugu waliogombania kiwanja.

Sasa kila Alhamisi, saa kumi, tunakaa kumi na mmoja
katika ghala lililokuwa la pamba, Igogo.
Viti vya plastiki tumevivalisha viwili viwili.
Bwire tumemletea benchi la mninga,
maana kiti kilishamwangusha, msibani,
mbele ya wakwe zake.
Muuguzi Kokugonza hatangazi kilo za mtu.
Huandika kwenye kikaratasi, hukikunja,
hukutia kiganjani kama nauli.

Tunasema mambo madogo.
Kashinje: "Wiki hii nimefunga kamba za viatu mwenyewe.
Kimoja."
Tukapiga makofi ya kiatu kimoja.
Lugendo amekula michembe na karanga, sufuria nzima,
usiku, amesimama, asimwamshe mkewe.
Hakuna aliyemwambia ajitahidi.
Wote tunalijua lile giza,
na mlio wa kijiko kinapofika chini.

Mtaani wanatuita mabosi, wanatukopa.
Ukinenepa umeshiba; nani atasadiki kwamba unaumwa?
Haba na haba tulikijaza kibaba.
Haba na haba twakipunguza,
ila methali haikusema kurudi kuna mlima.

Nyanzobe hakuja Alhamisi tatu. Simu anakata.
Anakaa Mabatini, juu kabisa, nyumba zilikopachikwa mawemawe
na ngazi kila mwenye nyumba kazijenga
kwa kipimo cha mguu wake.
Tulipanda sita, wanne wakangoja barabarani.
Tulikaa kila jiwe lililokubali.
Watoto walituhesabia vidato kwa kelele,
wakikosea, wakianza upya.
Kwenye jiwe la nane Bwire alilala chali, kisha akageuza shingo,
akaliona ziwa lote mpaka ng'ambo ya Kamanga.
"Kumbe liko hivi," akasema.
Miaka hamsini na mmoja yuko Mwanza.

Nyanzobe alifungua mlango nusu.
"Nimeongeza sita," alisema, hata kabla ya salamu.
Kashinje akamjibu: "Tupe maji, mama. Tunakufa."
Akacheka. Akafungua nusu ya pili.

Jioni, wenzangu walipoanza kushuka kwa makalio,
kidato kwa kidato, aliniita kando.
Mdogo wake anaolewa Sengerema, naye hana gauni.
Nikatoa futi mfukoni: mbili,
nimeziunga kwa uzi mweusi, mishono saba.
Nilikuwa nimezitengeneza kwa ajili yangu.
Nikazungusha. Zilikutana, zikabakiza mkia.
Namba nikaiandika kwenye kiganja,
sikuitaja.
"Rangi gani?" nikauliza.
Alifikiri muda mrefu,
kama mtu ambaye hajaulizwa siku nyingi.
"Njano," akasema.
"Ile ya kuonekana toka kivukoni."